Nyoka gani wa kufuga kwa sisi wa Arusha na Moshi: wa nyumba, boa mchanga, mla mayai, chatu mpira au wa mahindi?

Mpwa wangu yuko Moshi, mtaa wa Soweto, kamaliza kidato cha nne na tangu hapo kila akinipigia ni "shikamoo mjomba" afu hata sijaitika marahaba vizuri anauliza nyoka wake atapata lini. Mi nakaa Arusha, nafuga nyoka wa nyumba wawili kwa kibali, huu mwaka wa saba sasa, na swali lake naulizwa na watu wengi, naulizwa kanisani, naulizwa kwenye daladala, wanataka kujua yupi hana madhara, yupi anaweza kukaa nyumba yenye watoto, na yupi ndio wa kumkimbia. Nikaona niyaandike yote sehemu moja.

Ila kuna kisa lazima nikitangulize. Mwaka juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja na ndoo ya rangi imefungwa kitenge juu, akasema kaka nimeokota mtoto wa chatu shambani Ngaramtoni, nifundishe kumfuga. Nikainua kitenge kidogo tu nikasikia ile pumzi nzito, fuuuu, kama mpira wa baiskeli unatoa upepo. Mfupi, mnene, mgongoni alama za V moja nyuma ya nyingine hadi mkiani. Kifutu. Kijana alikuwa amempakata kwenye bodaboda toka Ngaramtoni na njiani kaingiza mkono mara mbili "ili amzoee". Mpaka leo nikikumbuka ule mkono nashukuru Mungu, na toka siku ile mtu akiniuliza nyoka gani mzuri wa kufuga nami namuuliza kwanza huyo unayemtaka amezaliwa wapi na nani kakuambia jina lake.

Kwa hiyo nikilinganisha naangalia mambo haya haya kwa kila mmoja. Mwili na tabia, yaani anakua hadi wapi, anaishi miaka mingapi na akiuma inakuwaje, maana hata asiye na sumu ana meno na siku akiogopa atauma. Chakula, na namaanisha chakula utakachokipata wewe hapa wiki hii na mwaka kesho pia. Joto, ambalo wengi wanalisahau kabisa: Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Juni hadi Agosti usiku unashuka mpaka nyuzi 12 hivi, wakati Moshi iko chini, mita 800 na kitu, na Februari mchana unapita nyuzi 30 bila shida. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, akishameza panya afu akalala kwenye baridi chakula hakisagiki, anatapika, akirudia rudia hiyo anakufa. Halafu karatasi. Na mwisho, ambalo mi naliweka juu ya yote, anafanana na nani mwenye sumu.

Karatasi niseme mara moja tu. Nyoka wa porini Tanzania yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ukimkamata na kumweka ndani bila kibali ni kosa hata kama alijileta mwenyewe kwenye banda lako la kuku, kwa hiyo kabla ya kununua hata kizimba cha kioo nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uliza. Nyoka wa kutoka nje ya nchi anataka kibali cha kumwingiza na cheti cha daktari wa mifugo, na kama jamii yake imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kama chatu na maboa wote, kuna karatasi nyingine juu yake. Mtu akikuuzia nyoka stendi kwenye mfuko wa salfeti, hana hata moja ya hizo.

Nyoka wa nyumba

Huyu mwenyeji wetu kabisa, yule wa kahawia anayeng'aa ambaye usiku unamkuta stoo au nyuma ya magunia ya mahindi anafuata panya. Jike anafika mita moja hivi, dume mdogo zaidi, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 hadi 15. Akiuma unabaki na vidoti vya damu kama umechomwa na miiba ya michongoma, unaosha kwa sabuni yameisha. Wadogo wana wasiwasi sana, wiki za kwanza hataki kuguswa, umuache atulie, awe na pa kujificha pawili, upande wa joto na upande wa baridi.

Chakula chake panya, na hana maringo, wangu hawajawahi kukataa. Ila panya wa mtaani usimpe, ana minyoo na pengine kala sumu ya panya, na hiyo sumu inaua nyoka pia. Unafuga panya weupe wako, au unawagandisha kwenye friza afu unawayeyusha kwenye maji ya moto unampa na koleo. Panya aliye hai akiachwa usiku kucha na nyoka asiye na njaa anamtafuna nyoka, nimeona kidonda cha hivyo, sio kitu cha kutazama.

Joto anataka nyuzi 28 hadi 30 upande mmoja, upande wa pili 23 au 24 inatosha. Moshi karibu mwaka mzima unahitaji msaada mdogo tu, Arusha lazima mkeka wa joto wa umeme wenye thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto lisizidi, bila thamostati mkeka unaunguza tumbo la nyoka na yeye hajui kuondoka.

Anafanana na nani? Watu wanamuua kila siku wakimwita swila. Mtazame kichwa: kuna mistari miwili hafifu ya rangi ya maziwa kila upande, mmoja unapita juu ya jicho na mwingine chini. Wa kuogopa zaidi kumchanganya naye ni yule nyoka mdogo mweusi au kahawia iliyokolea anayeishi ardhini, anatoka mvua zikinyesha, kichwa kidogo butu, macho kama punje ya ulezi, hana mistari yoyote. Huyo meno yake ya sumu yanatokea pembeni ya mdomo hata mdomo ukiwa umefumba, kwa hiyo hata mtaalamu akimshika nyuma ya kichwa anachomwa. Maumivu yake ni makali, kidole kinaweza kuoza, na dawa za sumu ya nyoka zilizopo hazimsaidii aliyeumwa na huyo.

Boa mchanga

Yupo kaskazini ya Tanzania sehemu kavu, Kenya, hadi Misri. Mfupi mnene, rangi ya machungwa au njano yenye mabaka meusi, jike sentimita 60 hadi 80, dume mara nyingi hata 50 hafiki. Maisha yake yote ni kujizika kwenye mchanga, unaona macho tu juu, kwa hiyo kama unataka nyoka wa kumtazama akitembea tembea huyu atakuboa, ila kama chumba chako ni kidogo hakuna anayemzidi. Anaishi miaka 20 na zaidi. Ni mpole ukishamtoa mchangani, ukiingiza vidole ndani ya mchanga bila kumgusa kwanza na fimbo anavamia akidhani ni panya, kwa sababu hivyo ndivyo anavyowinda. Hatagi mayai, anazaa.

Chakula panya wadogo, kidogo sana, dume mmoja kila wiki mbili anaridhika. Joto anataka kali, nyuzi 32 hadi 34 upande mmoja, Arusha hiyo ni umeme mwingi na ukikatika usiku wa Julai inabidi uwe na chupa za maji ya moto tayari. Karatasi ni za CITES pia.

Na hapa ndipo kile kisa cha ndoo kinaporudi. Boa mchanga na kifutu mdogo, kwa mtu anayemuona mara ya kwanza, wote ni mfupi mnene mwenye mabaka. Kifutu ana shingo nyembamba na kichwa kipana, zile V mgongoni, na anapumua kwa sauti. Boa hana shingo, kichwa na mwili ni kitu kimoja, mkia umekatika ghafla. Nimeandika hivi ili uelewe, usiende nayo shambani kupima. Boa mchanga nunua aliyezaliwa kizimbani, na uone wazazi wake.

Nyoka mla mayai

Namba moja kwa kutokuwa na madhara, kwa sababu meno karibu hana. Anameza yai zima, mifupa ya uti wa mgongo iliyochongoka ndani ya koo inalipasua, anakunywa ute na kiini afu anatema ganda limekunjwa kama karatasi ya pipi. Nikimuona anafanya hivyo mpaka leo naacha kila kitu natazama.

Shida ni chakula hicho hicho. Yai la kuku ni kubwa mno kwa wengi wao, la kware linawafaa wakubwa tu, wadogo wanataka mayai ya ndege wadogo kabisa kama chiriku, na yai lililoanza kuharibika wananusa wanalikataa. Porini anakula sana msimu ndege wanataga afu anafunga miezi, kwa hiyo ukimuona hali usije ukamlazimisha. Kama huna mtu wa kware wa uhakika karibu yako, yaani mtu ambaye hatafunga mradi mwakani, usianze. Joto lake kama la nyoka wa nyumba, urefu chini ya mita moja mara nyingi.

Sasa kufanana. Huyu ameumbwa kuigiza wenye sumu, hiyo ndio silaha yake pekee. Akiogopa anatanua kichwa kiwe pembetatu, anajikunja, anasugua magamba yanatoa sauti ya kukaanga, anarusha kichwa kama anauma. Mabaka yake yanafanana na yale ya kifutu wa usiku, yule mdogo mla vyura ambaye ana sumu ya kweli na tunaye huku kwetu milimani. Hata watu wenye uzoefu wanasimama kwanza kutazama. Mtu akikuambia "huyu ni mla mayai tu, mshike", usimshike.

Chatu mpira

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, anafika mpaka Uganda, kwetu Tanzania hayupo porini. Akiogopa anajikunja duara kichwa ndani ndio maana ya jina. Mita moja hadi moja na nusu, mpole kuliko wote kwenye orodha hii, anapenda kutulia mikononi, na kwa mtu anayetaka kumshika nyoka kila jioni ndiye mwenyewe. Fikiria miaka tu: 20 hadi 30 ni kawaida, na mwaka 2020 kwenye zuu ya St. Louis huko Marekani jike mmoja wa zaidi ya miaka 60 alitaga mayai akiwa hajakaa na dume zaidi ya miaka 15. Kwa hiyo ukimchukua ukiwa na miaka 18 unaweza kuoa naye, kuhama naye, kusomesha watoto yeye bado yupo.

Panya ndio chakula, ila huyu anasusa. Anaweza kukaa miezi mitatu hajala kwa sababu umehamisha boksi, na anayeanza anapata presha bure. Joto nyuzi 31 au 32 upande mmoja na unyevu wa kutosha, kiangazi cha Moshi unampulizia maji, Arusha unahangaika na joto. Karatasi ni nyingi, kumwingiza nchini na CITES.

Kuhusu kufanana, tatizo lipo pale mtu anapodhani chatu wote ni huyu. Chatu wetu wa porini, ambaye watoto wake ni wazuri kweli ukiwaona, anafika mita 3 hadi 5 na hasira zake ni nyingine kabisa. Mwaka 2013 huko Campbellton, Kanada, chatu wa jamii hiyo alitoroka usiku kwenye kizimba akapitia mfereji wa hewa akawaua watoto wawili waliolala, wa miaka 4 na 6. Huyo simlinganishi na yeyote hapa, nyumba ya mtu sio mahali pake.

Nyoka wa mahindi

Wa Marekani kusini mashariki, jina lake linahusishwa na maghala ya mahindi anakofuata panya, kazi ile ile ya nyoka wetu wa nyumba. Mita moja hadi moja na nusu, miaka 15 hadi 20, mchangamfu, anakula vizuri, anavumilia baridi kuliko chatu mpira hivyo kwa Arusha anakaa vizuri. CITES hayumo ila vibali vya kumwingiza viko pale pale. Mwizi wa kutoroka, tundu la kidole linamtosha, na akitorokea huku ni mgeni kwenye mashamba yetu, hilo linanikosesha raha kidogo.

Wale wenye sumu

Alama za kienyeji za kumjua mwenye sumu zinadanganya karibu zote. Macho ya paka? Nyoka wa nyumba na chatu wana macho ya paka na hawana sumu, koboko na swila wana mboni ya duara. Kichwa cha pembetatu? Kifutu ndiyo, koboko ana kichwa chembamba kirefu, na mla mayai anakiigiza. Rangi? Koboko mwenyewe ni wa kijivu au kahawia, weusi uko ndani ya mdomo, na nyoka wa kijani wengi mno hawana lolote.

Sumu nazo zinatofautiana kazi. Koboko, na baadhi ya swila, inazima mishipa ya fahamu, kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, mwishoni kupumua. Kifutu na swila wa kutema inaozesha nyama, uvimbe na maumivu. Huyo wa kutema analenga macho toka mita mbili na zaidi, ukitemewa ni maji mengi ya kutiririka papo hapo afu hospitali. Ngole, yule wa mitini mwenye macho makubwa, inazuia damu kuganda, na yeye ndiye anayewadanganya wasomi kwa sababu saa za kwanza unajisikia mzima. Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka wa makumbusho ya Chicago, aliumwa na ngole mdogo Septemba 1957, akaona jino limeingia kidogo tu, akakaa anaandika dalili zake, kesho yake akafa. Dawa ya ngole ni ya peke yake, inatengenezwa Afrika Kusini, ile ya kawaida ya nyoka wengi haimhusu.

WHO, Shirika la Afya Duniani, wanakadiria nyoka wanaua watu 81,000 hadi 138,000 duniani kila mwaka, na wengi wao ni watu wa shamba kama wajomba zetu. Mtu akiumwa mlaze, mkono au mguu usitikisike, vua pete na bangili kabla havijavimba, mpeleke hospitali kwa gari sio kwa kutembea. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, jiwe jeusi liache, linakula muda tu. Na usimfukuze nyoka umuue upeleke, picha ya mbali inatosha.

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kufuga swila "aliyeng'olewa meno". Meno ya sumu yanaota tena, na mnyama mwenyewe anateseka na vidonda vya mdomo. Kama hao ndio wanakuvutia, na nakuelewa kabisa maana hata mimi wananivutia, nenda Meserani, kilomita 25 hivi toka Arusha njia ya Dodoma, kuna bustani ya nyoka, ukae mbele ya kioo cha koboko hata saa nzima. Kijana anayetaka kuifanya kazi asome, chuo cha wanyamapori cha Mweka kipo hapo juu ya Moshi tangu 1963.

Sasa wewe uko wapi

Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, ningesubiri, kwa yeyote kwenye orodha hii, kwa sababu nyoka wanabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, na mtoto kila kitu anatia mdomoni. Wakubwa wanaosha mikono kwa sabuni kila wakimgusa, na bakuli la maji la nyoka halioshwi kwenye sinki la vyombo.

Umepanga chumba kimoja na mwenye nyumba ameridhia kwa mdomo wake, boa mchanga dume. Ukishindwa kumwambia mwenye nyumba basi jibu unalo. Unataka wa kushika na una subira ya miaka 25 na hela ya vibali, chatu mpira. Uko juu kwenye baridi, Ilboru au Sakina huko, wa nyumba au wa mahindi watakusumbua kidogo kuliko wengine. Una kware wako mwenyewe na unaridhika kutazama bila kugusa, mla mayai ni zawadi. Unasafiri sana, wote hawa wanavumilia wiki bila chakula, ila hakuna anayevumilia wiki bila maji na joto, awepo mtu wa kuangalia.

Mpwa wangu anakaa na mama yake, dada yangu, ambaye nyoka hataki hata kusikia, na kuna mdogo wao wa miaka 3. Nikamwambia kwa hali hiyo nyoka ni baadaye, mdogo akishakua na mama akishakubali, na akija kuchukua ningempa wa nyumba, kwa joto la Moshi hatahangaika. Kwa sasa aanze na upande wa chakula, afuge panya weupe, ajue harufu yao, ajue kuwaua bila kuwatesa, maana wengi wanashindwa hapo hapo na nyoka anakufa njaa. Alinuna wiki mbili. Jumapili kapiga, panya wake wamezaa tisa, dada kasema wakae banda la nje.